Namna ya Kulisoma Kanisa la Parokia: Makanisa Katoliki ya Jimbo Kuu la Liverpool

Ukisimama mbele ya kanisa la parokia kaskazini-magharibi mwa Uingereza, swali la kwanza huwa ni "hili lilijengwa lini?", na jibu la haraka huwa si sahihi. Tao lililochongoka na dirisha refu jembamba havimaanishi karne ya 13. Makanisa ya parokia ya enzi hizo yalibaki mikononi mwa Waanglikana tangu karne ya 16, na Wakatoliki wakaanza upya, wengi wao wakiwa maskini, chini ya sheria iliyowabana. Kwa hiyo kanisa Katoliki la huku husomwa kwa mambo matatu: sheria iliruhusu nini, fedha zilitosha kiasi gani, na altare iliwekwa wapi. Mtindo wa matao hufuata baadaye.

Mwongozo huu unahusu Jimbo Kuu la Liverpool kwa sababu hatua zote za historia hiyo zinaonekana humo, kuanzia kikanisa kilichojificha nyuma ya nyumba hadi kanisa la duara la zege.

Kabla ya kutoka nyumbani

Makanisa mengi hufungwa nje ya saa za Misa. Tazama ratiba ya parokia, ufike dakika 40 kabla ya Misa ya siku ya kazi, au uombe ofisi ya parokia ikufungulie. Ukipewa ruhusa, uliza mambo mawili papo hapo: kama unaweza kupiga picha, na kama unaweza kuingia patakatifu, yaani sehemu ya mbele penye altare. Ruhusa ya kwanza haibebi ya pili. Taa nyekundu ikiwaka karibu na tabernakulo (kisanduku cha kutunzia mkate uliowekwa wakfu), Ekaristi imo. Piga goti kama wafanyavyo wenyeji, na usiweke begi juu ya altare hata kwa sekunde moja.

Beba tochi yenye mwanga mkali, darubini ndogo, futi ya mita 5, dira, daftari na penseli. Dira isomwe nje, hatua kadhaa kutoka ukutani, kwa maana mabomba ya kupasha joto na nondo huivuta sindano.

Kabla ya kwenda, soma pia maelezo ya jengo katika orodha ya kitaifa ya majengo yaliyohifadhiwa, ambayo Historic England, taasisi ya umma ya urithi wa majengo, inaiweka wazi mtandaoni bila malipo. Madaraja ni matatu: I, II* (nyota ni sehemu ya jina la daraja) na II. Maelezo ya zamani huwa mistari michache tu, tena aliyeandika pengine hakuingia ndani. Yatumie kama ushahidi wa mtu mmoja, si hukumu.

Ukitafuta hati, ujue mipaka ilivyohama. Hadi 1840 eneo hili lilikuwa sehemu ya Wilaya ya Kaskazini chini ya vikario wa kitume (maaskofu waliosimamia maeneo yasiyokuwa bado majimbo); kuanzia 1840 hadi 1850 likawa Wilaya ya Lancashire; Jimbo la Liverpool likaundwa 1850, likapandishwa kuwa Jimbo Kuu 1911, na 1924 sehemu yake ya kaskazini ikakatwa kuunda Jimbo la Lancaster. Hivyo hati za kanisa la Preston mjini za mwaka 1870 utazitafuta kwa jina la Liverpool. Tena hati za kabla ya 1918 huliita kanisa "misheni" badala ya "parokia", kwa kuwa parokia rasmi zilikuja na Sheria mpya ya Kanisa mwaka huo. Ukitafuta neno "parokia" katika hati za 1860 utarudi mikono mitupu.

Zunguka nje kwanza

Usiingie ndani mara ukifika. Lizunguke jengo lote, na mahali usipoweza kupita, andika kwamba hukupaona.

Anza na jinsi lilivyokaa kwenye kiwanja. Sheria ya 1791 iliruhusu Wakatoliki kusali hadharani mahali palipoandikishwa, ila ilimnyima ulinzi padre aliyeadhimisha ibada kwenye jengo lenye mnara na kengele, na ikakataza milango kufungwa kwa komeo watu wakiwa ibadani. Ndiyo maana makanisa ya miaka hiyo yanafanana na nyumba au ghala. Mfano mzuri ni St Benet's ya Netherton, ya 1793: mbele unaona nyumba ya padre ya matofali, nyumba ya kawaida kabisa, na kikanisa kimejibanza nyuma yake. Ukiona nyumba na kanisa vimeungana namna hiyo, bila mnara, na kanisa halionekani vizuri kutoka barabarani, fikiria miaka ya kati ya 1791 na 1829, mwaka ambao Wakatoliki walirudishiwa haki nyingi za kiraia.

Hata hivyo, usidhani wote walijificha. Wigan, katika barabara ya Standishgate, yapo makanisa mawili Katoliki yaliyo karibu mno: St Mary's ya 1818, ya mtindo wa Kigothi (wa matao yaliyochongoka), na St John's ya 1819, ya nguzo na uwiano wa Kiyunani na Kirumi. Moja lilikuwa la mapadre wa jimbo, jingine la Wajesuiti (mapadre wa shirika la kitawa), na ushindani wao umeandikwa kwenye mawe. Mtu akikuambia "Kigothi ni cha zamani, Kiyunani ni cha baadaye", mpeleke Standishgate. St Patrick's ya Liverpool (1821–27) nayo ni ya Kiyunani, na nje yake kuna msalaba wa kumbukumbu ya mapadre kumi waliokufa 1847 kwa homa ya taifasi wakiwahudumia Wairishi waliokimbia njaa. Wimbi hilo la wakimbizi ndilo lililofanya makanisa ya Liverpool yaliyofuata yawe makubwa na ya gharama nafuu kwa pamoja.

Sasa tazama ukuta wenyewe. Kama ni wa matofali, pima safu nne kwenda juu, pamoja na chokaa katikati yake. Matofali ya kisasa ya vipimo vya mita hutoa milimita 300 kamili kwa safu nne. Ya karne ya 19 kaskazini mwa Uingereza ni manene zaidi, na safu nne mara nyingi hufika au kupita milimita 325. Kipimo hiki kina faida mbili. Kwanza, kipande cha ukuta kilichojengwa upya kinajitoa chenyewe. Pili, unapata urefu wa ukuta bila ngazi: safu 40 za milimita 82 kila moja ni karibu mita 3.3.

Kisha angalia jinsi matofali yalivyopangwa. Ukiona safu tatu hadi tano za matofali yaliyolazwa ubavu, kisha safu moja inayoonyesha vichwa tu, huo ni mpangilio wa kawaida sana Lancashire karne ya 19, kwa kuwa ulikuwa nafuu na wa haraka. Ukiona ubavu mtupu kutoka chini hadi juu bila kichwa hata kimoja, ukuta huo pengine ni wa ngozi mbili zenye uwazi katikati, ujenzi wa karne ya 20. Kanisa linalodaiwa kuwa la 1860 lenye ukuta wa namna hiyo pengine limeongezwa au limejengwa upya mahali hapo.

Kama ni mawe, mara nyingi utakutana na mchanga-jiwe mwekundu. Ni laini. Wajenzi wa zamani waliuunganisha kwa chokaa, ambayo hupitisha unyevu. Mafundi wa karne ya 20 wakaziba viungo kwa saruji. Saruji ni ngumu kuliko jiwe na haipumui, basi maji hutokea kwenye uso wa jiwe badala ya kwenye kiungo, chumvi na barafu zikalimega. Matokeo unayaona kwa macho: viungo vya saruji vimesimama kama fremu tupu, na mawe yamerudi nyuma sentimita moja au mbili. Andika jambo hilo kama kosa la matengenezo, si uzee wa jengo.

Mnara usomwe peke yake. Mara nyingi fedha ziliisha kabla ya kuufikia, ukaja miaka mingi baadaye au usije kabisa. Angalia kama mawe yake yanaungana na ya kanisa kwa meno au yameegemezwa tu. Kinyume chake pia hutokea. Kwenye St Oswald's ya Old Swan, mnara na kilele chake ni kazi ya msanifu A. W. N. Pugin ya miaka ya 1840, lakini kanisa lenyewe ni la miaka ya 1950, la Adrian Gilbert Scott. Anayetaja tarehe kwa kutazama mnara amekosea kwa zaidi ya miaka mia.

Mwisho wa mzunguko, inua darubini kwenye paa. Vigae vya jiwe jeusi-kijivu vingi vilitoka Wales. Vinavyochoka kwanza ni misumari, si vigae: hushika kutu, vigae vikaanza kuteleza kimoja kimoja. Kigae kimoja kilichoteleza ni ajali. Kumi vilivyotawanyika paa zima maana yake paa linahitaji kuezuliwa na kupangwa upya. Fuata mabomba ya kushushia maji. Ya chuma huoza upande wa nyuma, unaotazama ukuta, kwa sababu brashi ya rangi haifiki huko. Ukiona mstari wa kijani ukutani nyuma ya bomba, weka alama kwenye daftari na utafute doa lake ukiingia ndani.

Upande wa mashariki si lazima uwe mashariki

Kwa desturi altare huelekea mashariki. Mjini, kiwanja ndicho kilichoamua, na makanisa mengi Katoliki yameelekea kokote barabara ilikoruhusu. Vitabu vya usanifu huendelea kuita upande wa altare "mashariki" hata kama dira inasema kusini. Andika yote mawili juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari, kwa mfano: "altare iko kusini kwa dira, humu chini naiita mashariki." Usipofanya hivyo, picha zako na maelezo ya watu wengine havitakutana kamwe.

Ndani: tafuta altare zote

Hapa ndipo penye utajiri, kwa hiyo tumia nusu ya muda wako hapa.

Simama mlangoni ukitazama mbele, uulize: mtu wa benchi la mwisho anaiona altare? A. W. N. Pugin alipenda patakatifu parefu, penye kina, palipotengwa na sehemu ya waamini kwa kiambaza cha mbao chenye msalaba mkubwa juu. Mwanawe, E. W. Pugin, alienda njia nyingine, na Our Lady of Reconciliation ya Vauxhall, Liverpool (1859–60) ndiyo inayoonyesha: sehemu pana ya waamini, paa moja linaloendelea hadi mwisho bila tao kubwa la kukata katikati, na patakatifu pafupi penye ukuta wa pembe nyingi. Kiwanja kilikuwa kidogo, waamini wengi, fedha chache, na kila mtu alitakiwa aone. Muundo huo ulienea Lancashire yote. St Anthony's ya barabara ya Scotland Road (1833) ilikuwa imetatua tatizo hilohilo mapema zaidi kwa ukumbi mmoja mpana usio na safu za nguzo.

St Clare's ya Liverpool, ya msanifu Leonard Stokes (1888–90), ni jibu jingine, na la werevu mno: nguzo nene zinazoegemeza ukuta, ambazo kwa kawaida hukaa nje, zimeingizwa ndani, kisha zikatobolewa njia ya kupita. Ukitembea pembeni unapita katikati ya unene wa ukuta. Ukiwa na siku moja tu jimboni, usiikose.

Baada ya hapo sogea mbele. Kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano (mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia, 1962–65), altare kuu iliegemea ukuta au ilikuwa na ukuta wa mapambo nyuma yake, na padre aliwapa waamini mgongo. Maelekezo yaliyotolewa Roma mwezi Septemba 1964, yakaanza kutumika Machi 1965, yalishauri altare isimame huru ili padre aweze kuizunguka na kuadhimisha akiwatazama watu. Tangu hapo karibu kila patakatifu pa zamani pamefanyiwa upasuaji wa aina fulani. Kazi yako ni kutafuta kovu:

- Sakafuni, tafuta mistari ya mashimo yaliyozibwa au marumaru yenye rangi tofauti. Hapo ndipo uzio wa komunyo, ambapo waamini walipiga magoti kupokea, uliposimama. Vipande vya uzio huo mara nyingi vimegeuzwa mimbari ya kusomea.
- Tazama altare ya mbele kutoka pembeni. Kama nakshi zake zimekatwa ghafla kwenye ukingo, au marumaru yake ni ileile ya ukuta wa nyuma, imechongwa kutokana na altare ya zamani.
- Hesabu ngazi. Kama ngazi ya juu ni pana kupita kiasi, jukwaa limesogezwa mbele, na safu moja au mbili za mabenchi zimeondolewa.
- Ukiruhusiwa kuiona meza ya altare ya zamani bila kitambaa, tafuta misalaba mitano iliyochongwa na mahali palipozikwa masalia ya watakatifu.

Kisima cha ubatizo nacho husafiri. Mahali pake pa zamani ni karibu na mlango, katika chumba kidogo chenye geti la chuma. Ukikikuta mbele karibu na altare, rudi nyuma: chumba chake kwa kawaida kipo bado, siku hizi kikiuza kadi au kutunza mafagio. Angalia pia vyumba vya kitubio. Kimoja katika kila jozi huwa ghala la viti.

Misalaba 12 na suala la deni

Watu wengi huchanganya siku ya kufungua kanisa na siku ya kulitabaruku, yaani kuliweka wakfu. Kanisa lilibarikiwa na kufunguliwa mara lilipoweza kutumika, lakini halikutabarukiwa mpaka deni la ujenzi liishe. Kati ya siku hizo mbili inaweza kupita miaka mingi. Tafuta kwenye kuta misalaba 12, ya rangi au ya kuchongwa, kila mmoja ukiwa na kinara cha mshumaa chini yake. Ikiwepo, kanisa limetabarukiwa, maana yake deni lililipwa. Tarehe iliyo kwenye kibao cha kutabaruku si tarehe ya ujenzi, na kosa la kuzibadilisha limo hata katika vijitabu vya parokia.

Fedha zinaonekana kwingine pia. Namba kwenye mabenchi, au vifremu vidogo vya shaba mwishoni mwa benchi vya kuwekea kadi ya jina, ni alama za enzi ambapo familia zililipia nafasi zao.

Vioo

Soma maandishi ya chini kabisa ya kila dirisha. Mengi huomba sala kwa ajili ya marehemu na kutaja mwaka. Mwaka huo ni wa kifo au wa zawadi. Ukuta unaweza kuwa umetangulia kwa miaka 50. Kioo cheupe kitupu katika dirisha la Kigothi Liverpool au Bootle huuliza swali: je, kilipotea Mei 1941? Wiki ya kwanza ya mwezi huo mabomu yalipiga eneo hilo usiku baada ya usiku. Kioo cha rangi cha miaka ya 1950 ndani ya fremu ya jiwe ya 1860 ni dalili hiyohiyo.

Karne ya 20 inahitaji macho mengine

St Monica's ya Bootle (1936), ya F. X. Velarde, ni matofali tupu na mnara mpana wenye malaika wa kuchongwa. Hapo usitafute matao ya karne ya 13. Halafu nenda Leyland. St Mary's (1962–64), iliyochorwa na Jerzy Faczynski, ni ya duara, altare katikati, nguzo za zege zenye umbo la herufi Y, na kati yake vituo vya Njia ya Msalaba vya Arthur Dooley. Juu ya mlango kuna Hukumu ya Mwisho ya vigae vya kauri ya Adam Kossowski. Zingatia tarehe: lilichorwa kabla ya maelekezo ya 1964. Wanaosema makanisa ya duara yaliletwa na Mtaguso wameipindua hadithi. Fikra zilitangulia, sheria ikafuata.

Vioo vya Leyland, kazi ya Patrick Reyntiens, si vya kawaida. Ni vipande vinene, karibu milimita 25, vilivyoshikwa na zege badala ya madini ya risasi. Aina hii ya kioo hupata ugonjwa wake popote ilipo: kioo na kinachokishika hutanuka kwa viwango tofauti jua likipiga, na chuma kilicho ndani kikishika kutu huvimba na kupasua kila kitu. Tafuta nyufa nyembamba zinazotoka kwenye pembe za vipande, na unga mweupe wa chumvi upande wa ndani.

Zege la wazi huugua vivyo hivyo. Hewa hupunguza polepole ukali wa alkali unaolinda nondo, kutu ikaanza, nondo ikavimba, zege likabanduka. Doa la kahawia lililonyooka kama rula ni nondo inayojitangaza. Hata kanisa kuu la jimbo mjini Liverpool, la Frederick Gibberd (1962–67), halikusalimika: vigae vidogo vya mozaiki vilivyofunika mbavu zake za zege vilibanduka na paa likavuja, yakahitajika matengenezo makubwa.

Kabla ya kutoka, nusa

Rudi kwenye doa la kijani uliloliandika nje. Upande wake wa ndani, hasa mahali mihimili ya paa inapoingia ukutani, piga tochi. Mbao zilizopasuka kwa vipande vya mraba, vumbi jekundu kama kutu juu ya mabenchi, na harufu ya uyoga ni kuvu linalokula mbao; nalo huvuka hata ukuta wa matofali kufuata mbao nyingine. Usikwangue wala usifungue kitu. Mwambie paroko siku hiyohiyo, ukitaja mahali hasa: "nguzo ya tatu kutoka mlangoni, upande wa kushoto, mita mbili kutoka juu." Kauli ya "kuna unyevu kanisani" haimsaidii mtu.

Ukiandika ripoti yako, kwa kila sehemu weka mambo manne: ni nini, kimetengenezwa kwa nini, tarehe unayoipendekeza, na ushahidi wa tarehe hiyo. Safu ya mwisho ndiyo itakayokuzuia kunakili makosa ya wengine. Kama unajua kuna mpango wa kubadilisha patakatifu pa kanisa lililohifadhiwa, peleka nakala kwa kamati ya jimbo ya makanisa ya kihistoria. Kwa Wakatoliki wa Uingereza ndiyo inayotoa kibali cha kazi hizo badala ya halmashauri, ingawa mabadiliko ya nje yanaweza bado kuhitaji ruhusa ya mipango miji. Ipeleke kabla mafundi hawajaanza kung'oa sakafu, kwa kuwa yale mashimo yaliyozibwa ya uzio wa komunyo huwa ya kwanza kupotea.